Kikombe cha maji kila jioni hakiutoshi mche
Hapa Moshi wengi tunaamini mche uliopandwa mbele ya nyumba unatosheka na kikombe cha maji kila jioni. Sivyo, na inaniuma kuona mche umekauka ilhali mwenyewe hakukosa hata siku moja. Maji kidogo hulowesha udongo wa juu tu, na mizizi hubaki hapo hapo juu. Masika yakiisha mwezi Mei, jua linaikuta. Mwagia ndoo nzima ya lita 20, polepole, mara moja au mbili kwa wiki, maji yazame. Mizizi itayafuata. Tandaza majani makavu ya migomba kuzunguka mche, ila yasiguse shina, lisije likaoza. Endelea hivyo kwa viangazi viwili vya mwanzo.