Shimo jeusi halifyonzi kila kitu

Juzi kijiweni Magomeni niliambiwa tena: shimo jeusi (kitu cha angani chenye mvutano mkali kiasi kwamba hata mwanga hauchomoki) hufyonza kila kilicho karibu, ndiyo maana halionekani. Sivyo. Jua letu lingegeuzwa shimo jeusi lenye uzito uleule, Dunia ingeendelea kulizunguka kama kawaida (baridi ingetumaliza, lakini hilo ni jingine). Kinachomezwa aghalabu ni gesi iliyonyang'anywa nyota jirani. Kabla ya kuzama, gesi hiyo huzunguka, husuguana, hufikia joto la mamilioni ya nyuzi na kung'aa kwa eksirei. Mwaka 2007 wanaastronomia walitangaza mfano mzuri wa shimo kama hilo katika M49, galaksi (mkusanyiko wa mabilioni ya nyota) kongwe, ndani ya kundi la nyota wazee. Eksirei za gesi inayolizunguka pekee zina nguvu takriban mara milioni moja ya mwanga wote wa Jua.