Hati za kambi za wafungwa wa vita ni nini, na kwa nini sisi watu wa Tanga zinatuhusu

Ukisikia mtu anakusanya hati za magereza ya kijeshi ya zamani usifikirie mafaili ya mahakama tu. Humo kuna barua na kadi walizoandika wafungwa wa vita, bahasha zake, orodha za majina, risiti za vifurushi, vyeti vya kuachiliwa, hata pesa za karatasi zilizotumika ndani ya kambi peke yake, ukitoka nazo nje hununui hata kiberiti. Kwa kifupi ni karatasi yoyote iliyoandikwa kwa sababu kuna mtu anashikiliwa na jeshi.

Sasa kwa sisi wa Tanga hii habari iko mlangoni kabisa. Novemba 1914, kwenye Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Waingereza walishusha hapa jeshi la watu kama 8,000, wengi wao wametoka India, wakapigwa na kikosi cha Wajerumani na askari wa Kiafrika ambacho kilikuwa kidogo mno kuliko wao, halafu Julai 1916 mji ukachukuliwa na Waingereza haohao. Kila upande ulikuwa na mateka wake. Wajerumani waliwashikilia Wazungu wa upande wa pili kule Tabora mpaka Wabelgiji walipoingia Septemba 1916, nao Waingereza waliwapakia Wajerumani melini, wengine Ahmednagar kule India, wengine Sidi Bishr karibu na Alexandria, Misri. Kwa hiyo usishangae kadi yenye mihuri ya Misri ikawa imeandikwa na mtu aliyekuwa anakaa huku kwetu.

Kitu cha kwanza kinachowachanganya watu ni stempu. Kadi nyingi za wafungwa hazina stempu kabisa na mtu anaona hiyo imebanduliwa haina thamani tena, kumbe mkataba wa Hague wa 1907, ule wa kimataifa wa sheria za vita, ulisema barua za mfungwa wa vita zisitozwe ushuru wa posta, yaani kutokuwa na stempu ndiyo hali yake ya kawaida. Wewe angalia mihuri. Kuna wa kambi, kuna wa posta wenye tarehe, kuna wa mkaguzi wa jeshi aliyeisoma kabla haijaondoka, na mara nyingine kuna mistari imezibwa kwa wino mweusi, usiisugue hata siku moja. Kama imetoka kwa Wajerumani unaweza kukuta neno refu limechapwa juu, Kriegsgefangenensendung, maana yake huo ni mzigo wa mfungwa wa vita. Ukiipanga mihuri yote kwa tarehe unaiona safari nzima ya barua, imekaa wapi na imechelewa wapi, ndiyo maana nasema barua isitenganishwe na bahasha yake na asije mtu akakata kipande chenye muhuri mzuri akakiuza peke yake, huo ni uharibifu, siuiti jina lingine.

Halafu penseli. Zamani kulikuwa na penseli ambazo risasi yake imechanganywa rangi, ikiwa kavu maandishi yanaonekana ya kijivu ya kawaida tu, likidondoka tone la maji pale pale yanageuka zambarau na kutambaa. Wafungwa na wanajeshi walizitumia sana. Kwa unyevunyevu wetu wa pwani kadi ya namna hiyo ukiiweka karibu na dirisha la upande wa bahari unaipoteza taratibu huku unaiangalia. Iweke kwenye bahasha ya karatasi isiyo na asidi, ndani ya boksi kavu, juu, mbali na mchwa na mende, na tafadhali usipige laminesheni wala usitie seloteipu kwenye mpasuko.

Feki zipo. Njia nyepesi ya kuanzia ni ile taa ya kukagulia noti, wengi mnaijua, imulike karatasi gizani. Karatasi nyingi za kuanzia miaka ya 1950 zimetiwa dawa ya kuzing'arisha kwa hiyo zinatoa mwanga wa bluu, sasa kadi ya 1916 ikiwaka hivyo ujue umeuziwa maneno. Isipowaka sio kwamba ni orijino moja kwa moja, karatasi tupu za zamani zipo na watu wanazitumia.

Ila linaloniuma mimi ni kwamba karibu kila kinachouzwa minadani huko nje ni cha Mzungu. Askari na wapagazi waliotekwa wako wapi? Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani huku, alisalimu amri tarehe 25 Novemba 1918 kule Abercorn, ndiyo Mbala ya Zambia sasa, askari wake wakapelekwa kambini Tabora na mafua makali ya mwaka ule yakaua wengi. Mwaka 1964 Ujerumani Magharibi ilipokubali kuwalipa askari hao mishahara waliyokuwa wanaidai, wazee walikusanyika Mwanza na waliokuwa bado na vyeti vyao walikuwa wachache sana, inasimuliwa wengine walipewa ufagio wakaambiwa wafanye gwaride la bunduki kwa amri za Kijerumani ili ijulikane kweli walikuwa askari. Karatasi moja ingetosha!

Kwa hiyo kama kwenu Ngamiani au Pangani au Muheza kuna sanduku la babu lina cheti kimekunjwa mara nne, usikinyooshe kwa nguvu na usikimbilie kumpa mtu anayekuja na hela mkononi. Kipige picha mbele na nyuma. Kikiwa ni cha ofisi ya serikali, yaani kimetoka kwenye majalada yake, hicho si cha kuuza, kipeleke Nyaraka za Taifa, lakini cheti alichopewa babu mwenyewe ni cha familia. Na kabla wazee hawajasahau waulize kilifikaje nyumbani, nani alikuwa nacho kabla, uandike pembeni kwenye karatasi nyingine na tarehe ya siku uliyoambiwa, usiandike juu ya cheti chenyewe.