Kipunji wa Rungwe: yanayosemwa na yaliyo kweli

Ukimtajia mtu wa Tukuyu, mkoani Mbeya, neno kisiwa, atafikiria Zanzibar au Mafia. Hebu autazame tena Mlima Rungwe kutoka bondeni. Juu kuna msitu mzito wenye ukungu. Chini, pande zote, chai, migomba, viazi na mahindi. Kwa mnyama anayeishi juu ya miti, mashamba hayo ni bahari, na msitu ule ndio kisiwa chake. Mnyama huyo ni kipunji, aina ya kima, na kuna mengi tunayoyasema juu yake ambayo si kweli.

“Aligunduliwa na watafiti mwaka 2003.” Hili linaniuma kuliko yote. Watafiti walimwona mwaka huo, ndiyo, lakini walimtafuta kwa sababu wawindaji wa Kinyakyusa walikwisha kuwasimulia habari za kima mwenye haya aitwaye kipunji. Jina lilikuwepo, na waliomjua walikuwepo. Mwaka 2005 alitangazwa kisayansi kwa kutegemea picha tu. Kisha mmoja akafa kwenye mtego uliotegwa shambani na mkulima, mwili wake ukachunguzwa, na vinasaba vikaonyesha kwamba ana undugu wa karibu na nyani. Ndipo mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu, iitwayo Rungwecebus. Tangu 1923 Afrika haikuwa imepata jenasi mpya ya kima hai. Jina lake zima, Rungwecebus kipunji, limebeba mlima wetu na lugha yetu.

“Ni kima tu kama wengine.” Sivyo. Ana manyoya marefu ya kahawia, uso mweusi, shungi lililosimama kichwani na ncha ya mkia iliyofifia kuwa nyeupe. Mlio wake mzito ni wake peke yake.

“Anakula mazao yetu.” Hapa pana ukweli, na mkulima aliyeamka akakuta mahindi yamevunjwa asibezwe. Lakini chakula chake hasa kiko msituni: majani, matunda, maua, magome, hata kuvu na wadudu. Msitu ukimegwa, shamba linamsogelea.

“Yuko kila mahali Nyanda za Juu Kusini.” La hasha. Yuko Rungwe na misitu ya Livingstone iliyo upande wa Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, kisha hukutani naye tena mpaka Ndundulu, kwenye milima ya Udzungwa, zaidi ya kilomita 300 kutoka hapa. Sensa ya kwanza ilipata kama 1,100 tu, duniani kote.

Na hata hapa kwetu hawako pamoja. Rungwe na Livingstone vinaunganishwa na kipande chembamba cha msitu, Bujingijila, ambacho kimekatwa miti kwa miaka mingi. Kipunji wa upande mmoja hana njia nyingine ya kumfikia wa upande wa pili.