Kabla ya ramani, leteni mizani

Wanandoa wanaonijia kupanga safari ndefu ya pikipiki huja na ramani iliyokwisha kuchorwa: mabara matatu, miezi kumi na minne, mstari mwekundu kutoka bahari hadi bahari. Naiweka kando na kuuliza: mtapanda moja au mbili? Hapo kimya hutanda. Kumbe kila mmoja alikuwa na jibu lake na hawajawahi kuambiana.

Jibu liko kwenye kilo. Kila pikipiki ina kikomo cha uzito alichokiweka mtengenezaji, kimeandikwa kwenye kitabu chake, na wanaokisoma ni wachache mno. Tuseme mna pikipiki kubwa ya safari yenye kikomo cha kilo 450. Tangi likijaa, yenyewe ina 250; zinabaki 200. Mwendeshaji ana 85, mwenzake 65, zinabaki 50. Helmeti, mabuti na nguo za kujikinga za watu wawili, kilo 20. Masanduku matatu ya alumini, matupu, pamoja na vyuma vya kuyashikilia, 20 nyingine. Mmebakiwa na kilo 10, na hapo hakuna hema, spana, pampu, dawa wala lita moja ya maji.

Mimi na mume wangu tulipiga hesabu hii tukiwa tumeshachelewa. Kwenye barabara ya Pamir, Tajikistan, changarawe imejikunja kama bati la paa, na tulitetemeka kutwa nzima. Siku ya tatu nikahisi sanduku la kushoto linanigonga mguu. Chuma kilicholishikilia kilikuwa kimekatika palepale kwenye weldi. Tukakiunga kwa kigingi cha hema na kamba, tukajikokota mwendo wa mtu anayekimbia hadi tulipompata fundi wa kuchomelea. Na sandukuni mlikuwa na nini cha maana? Sufuria mbili, na viatu vyangu vya kutokea.

Tangu hapo nasema hivi: pikipiki moja ni ya watu wanaoweza kweli kuacha vitu, wengine wote wachukue mbili ndogo. Ndiyo, matairi mara mbili, mafuta zaidi, makaratasi mara mbili kila mpakani. Lakini nyepesi ikilala matopeni mtu mmoja anaiinua, na moja ikigoma nyingine inafuata kipuri.

Sasa ramani irudi, ila kalenda itangulie. Mimi huanzia pale hali ya hewa inapofunga njia. Barabara hiyo ya Pamir hupanda hadi mita 4,655 kwenye kilele cha njia cha Ak-Baital, na simshauri mtu kwenda huko nje ya Juni hadi Septemba. Tatizo ni kwamba miezi hiyohiyo ndiyo ya mvua za monsuni India, kwa hiyo huwezi kuzipita zote mbili katika ubora wake bila kupumzika mahali. Tarehe ya mlimani ikipatikana, hesabuni kurudi nyuma. Eneo la Schengen, yaani nchi nyingi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka baina yao, halimpi mgeni wa muda mfupi zaidi ya siku 90 katika kila siku 180. Carnet de Passages, ile pasipoti ya chombo inayodaiwa na nchi kama Iran, Pakistan na India, huisha baada ya mwaka, na huombewa dhamana kulingana na thamani ya pikipiki. Mkitoka bila muhuri wa kutoka, dhamana iko hatarini. Mimi sibanduki dirishani mpaka nimeuona muhuri, hata foleni ya nyuma ikininung'unikia.

Jambo ambalo wanandoa husahau kabisa: pikipiki ina jina la mtu mmoja. Nchi nyingi huifungamanisha na pasipoti ya aliyeiingiza. Huyo akivunjika mguu akarudishwa nyumbani kwa ndege, mwenzake anabaki na chombo asichoruhusiwa kukitoa. Andaeni mapema hati ya uwakili iliyothibitishwa kisheria, na mkiomba Carnet ulizeni kama mwenzako anaweza kuandikwa humo kama mwendeshaji aliyeidhinishwa.

Wa Amerika mkumbuke Darién: kati ya Panama na Kolombia kuna takriban kilomita 100 zisizo na barabara, kwa hiyo pikipiki hupita kwa meli au kwa ndege. Kwa ndege huhesabiwa kuwa mzigo wa hatari, hivyo tarajieni kupunguza mafuta tangini na kuchomoa nyaya za betri.

Tarehe zikishapangwa, nawatuma siku kumi za majaribio na mzigo wote, mvua ikiwemo. Sharti ni moja: atakayesema amechoka kwanza ndiye anayeamua pa kulala, na hakuna kujadiliana. Wakirudi, tunamwaga kila kitu sakafuni. Ambacho hakikuguswa siku zote kumi kinakwenda upande wa mlango, isipokuwa dawa na vifaa vya kuziba pancha. Kinachobaki tunakipima; mizani ya bafuni inatosha kwa kazi hiyo.