Je, wajua kwa nini Ujerumani, nchi ya magari, imejaa njia zisizo na magari?

Kwenye barabara za kawaida za vijijini Ujerumani gari linaruhusiwa kwenda kilomita 100 kwa saa, na madereva wake hawaachi ruhusa hiyo ipotee bure. Mwendesha baiskeli anayependa roho yake hana hamu ya kuwa pale, na kwa bahati nzuri halazimiki. Pembeni kidogo, nyuma ya safu ya miti au upande wa pili wa shamba la ngano, aghalabu ipo njia nyingine ya changarawe, upana wa trekta moja, inayoelekea kijiji kilekile. Mwanzoni mwake utaona kibao cha duara, cheupe chenye ukingo mwekundu, kimechorwa pikipiki juu na gari chini. Kibao kidogo kilichoning'inizwa hapo chini kinasema vyombo vya kilimo na misitu ruksa. Baiskeli haikutajwa katika katazo, kwa hiyo inapita.

Unaweza kuunganisha njia za namna hii siku nzima ukavuka barabara ya lami mara chache tu. Ndiyo maana baiskeli za changarawe zimepata makao huko: zile zenye usukani uliopinda kama za mashindano ya lami, ila tairi zake ni pana na zina meno, aina ileile inayotimua vumbi la Maasai Mara kwenye mbio za Migration Gravel Race. Swali ni nani aliyejenga njia zote hizi, na kwa nini. Nchi hii ndiyo iliyompa Karl Benz hataza ya gari lake mwaka 1886, na haina sifa ya kuwabania wenye magari.

Jibu linaanzia kwenye urithi wa mashamba. Katika sehemu nyingi za kusini-magharibi, hasa Baden na Württemberg, mila ilitaka kila mtoto apate sehemu yake ya ardhi baba anapofariki. Baba mwenye mashamba matatu na watoto wanne hakugawa shamba zima kwa huyu na jingine kwa yule. Kila shamba lilikatwa vipande. Vizazi vichache baadaye familia moja ilikuwa na vijishamba vyembamba kama utepe, kimoja bondeni, kingine kilimani, kingine ng'ambo ya mto. Mtu wa Kisii au wa Kilimanjaro hahitaji kuelezwa zaidi. Vipande vingi havikuwa hata na njia: ili ufike kwako, ulikanyaga kwa jirani, na ugomvi haukuisha.

Mwaka 1953 Ujerumani Magharibi ilipitisha sheria ya kupanga upya mashamba, inayoitwa Flurbereinigung. Kazi ya namna hiyo ilikuwepo hata kabla, lakini baada ya sheria hii ilishika kasi kubwa, kwa sababu matrekta yalikuwa yameingia na trekta haligeuki ndani ya utepe. Ardhi ya eneo zima ilipimwa, ikathaminiwa, ikachanganywa kwenye karatasi, kisha kila mmoja akarudishiwa ardhi ya thamani ileile ikiwa imekusanywa pamoja. Kwa mwendesha baiskeli, uhondo umo kwenye sharti moja la sheria hiyo: kila shamba jipya lazima lifikike kwa njia. Hapakuwa na kupita kwa jirani tena. Wapimaji wakachora mtandao mzima wa njia kuzunguka vijiji, na sehemu kubwa ya gharama ilitoka kwenye mfuko wa umma.

Kazi ile ilikuwa na ubaya wake. Vichaka vya mipakani viling'olewa na vijito vikanyooshwa kama rula, na kuna maeneo mpaka leo ambako njia inakwenda mbele kilomita nzima bila kona wala kivuli. Ukipita hapo mwezi wa Julai, upepo ukikupiga usoni, utamkumbuka mpimaji kwa maneno yasiyoandikika. Lakini njia yenyewe ipo, na magari hayana shughuli pale kwa sababu haikuwahi kuwa barabara ya watu wote.

Msitu una historia yake. Theluthi moja hivi ya Ujerumani ni misitu, na mingi ni ya kuvunwa. Mti ukiangushwa lazima gogo litoke, na lori lililoshiba magogo hufika tani 40. Hapo ndipo ufundi ulipo. Njia ya msituni hujengwa kwa mawe makubwa chini, madogo juu yake, na tabaka la mwisho la kokoto zilizosagwa pamoja na vumbi lake. Halitiwi lami wala saruji: humwagiwa maji na kushindiliwa mpaka vumbi likashika kokoto kama gundi. Katikati njia huinuliwa kidogo kama mgongo wa samaki ili mvua ikimbilie kwenye mitaro ya pembeni, maana adui wa njia hizi ni maji yanayotuama kuliko hata hilo lori.

Na kwa kuwa mawe huchimbwa jirani kadiri inavyowezekana, rangi ya njia hukuambia uko wapi. Kwenye milima ya Schwäbische Alb ni nyeupe kwa chokaa, inakupaka miguu kama umetoka kinu cha unga. Vogelsberg, mlima wa volkano ya kale, ni nyeusi kwa mawe ya basalti.

Lakini njia kuwepo ni jambo moja, kuruhusiwa kuipita ni jingine. Karibu nusu ya misitu hiyo ni mali ya watu binafsi. Sheria ya misitu ya mwaka 1975 inasema yeyote anaweza kuingia msituni kujipumzisha, na baiskeli inaruhusiwa kwenye barabara na njia zake, ila likikupata jambo ni juu yako mwenyewe. Bavaria walitangulia: haki ya kila mtu kufurahia msitu na malisho ya mlimani imo ndani ya katiba yao ya mwaka 1946. Mwenye msitu anaweza kufunga geti kuzuia magari. Wewe unapita pembeni ya geti.

Juu ya mitandao hiyo miwili yameongezeka mabaki ya kazi nyingine zilizokwisha. Mfereji wa Ludwig huko Bavaria, uliokamilika mwaka 1846, ulikuwa na njia ya farasi waliokokota mashua. Mashua za mizigo zimekoma, njia imebaki, tambarare na yenye kivuli. Mpaka wa zamani kati ya Ujerumani mbili, wa kilomita karibu 1,400, umeacha vipande vya njia ya doria ya wanajeshi, iliyotandikwa mabamba ya zege yenye matundu. Hiyo simshauri mtu aipite kwa furaha. Inapanda kilima moja kwa moja bila kukata kona, na matundu yake hutikisa meno hata ukipunguza upepo kwenye tairi.

Ugeni una adabu zake. Wakati wa mavuno mashine ya kuvunia ngano hujaza njia ukingo kwa ukingo, na ni wewe unayeshuka majanini. Kibao kikiwa cheupe chenye ukingo mwekundu bila mchoro wowote ndani, na hakuna maandishi ya kuruhusu baiskeli, hata baiskeli imekatazwa; wageni wengi hawalijui hilo. Baden-Württemberg, huko huko ambako Karl Drais aliendesha babu wa baiskeli mwaka 1817 akitokea Mannheim, sheria inakuzuia kuendesha kwenye vijia vya msituni vyenye upana usiofika mita 2. Drais, kwa taarifa yako, alikuwa mtumishi wa idara ya misitu.

Na huko Rhön, karibu na mji wa Fulda, reli ya zamani iliyogeuzwa kuwa njia ya baiskeli inapita chini ya mlima Milseburg kwenye handaki la zaidi ya kilomita 1. Usiende majira ya baridi ukitegemea kulipita. Milango hufungwa kwa sababu popo wamelala ndani, na mwenye baiskeli hupanda mlima akazunguka kwa juu.