Je, wajua kwa nini miti ya barabarani ilibadilisha halmashauri ya jiji la Sheffield?

Sheffield, kaskazini mwa Uingereza, ni jiji la viwanda vya chuma. Halmashauri yake ina madiwani 84 kutoka kata 28, watatu kila kata, na hawachaguliwi wote siku moja, wanakwenda kwa thuluthi miaka mitatu mfululizo, mwaka wa nne watu wanapumzika. Chama cha Labour kiliichukua 1926, na ukitoa vipindi vichache kikakaa hapo mpaka watu wakaona ndo kawaida.

Sasa mwaka 2000 bunge likapitisha sheria, halmashauri kubwa ziachane na kamati za zamani ambako kila diwani alikuwa na sauti, ziwe na kiongozi na kabineti yake isiyozidi watu kumi. Yaani unampigia diwani wako kura, anashinda vizuri kabisa, afu akifika huko anabaki kuuliza maswali tu maana wanaoamua ni wale kumi. Mimi hilo naona ni kumnyima mwananchi kura yake.

Watu wa Sheffield waliuonja huo mfumo kwenye miti. Mwaka 2012 halmashauri ilisaini mkataba wa miaka 25 wa kukarabati barabara, zaidi ya pauni bilioni 2, na ndani yake ikawemo kukata maelfu ya miti ya mitaani, mingine mizima haina ugonjwa wowote. Novemba 2016 pale Rustlings Road, saa kumi na moja alfajiri, giza bado, polisi wanagonga milango watu waamke waondoe magari, misumeno iko tayari, na bibi wawili wa miaka sabini na kitu wakakamatwa kwa kutetea miti. Baadaye kesi ikafutwa.

Ila sheria ya 2011 iliacha mlango: asilimia 5 ya wapigakura wakisaini, kura ya maoni lazima ifanyike. Wananchi wakazunguka mtaa kwa mtaa wakapata saini zaidi ya 20,000. Mei 2021 kura 89,670 zikataka kamati zirudi, 48,727 zikakataa, na siku hiyohiyo Labour ikapoteza wingi wake kwenye halmashauri.

Kamati zilianza Mei 2022. 2023 halmashauri ikaomba radhi kwa ile miti.