Je, wajua kwa nini eneo la penalti linaitwa "kumi na nane"?

Mtangazaji akisema mshambuliaji "ameingia ndani ya kumi na nane", kila msikilizaji anajua goli linanukia. Ukiuliza kumi na nane ya nini, wengi watakujibu: mita. Sivyo. Chukua futi kamba, pima kutoka mstari wa goli hadi mstari wa mbele wa eneo hilo, utapata mita 16.5.

Ile 18 ni yadi. Yadi moja ni sentimita 91.44, kwa hiyo yadi 18 ni mita 16.46, na sheria za soka zimezikadiria kuwa 16.5. Walioandika sheria hizo ni Waingereza, nao walipima kwa yadi. Sisi tulichukua namba, kipimo kikaachwa. Ndivyo ilivyo kwa mbao ya "mbili kwa nne": dukani hakuna anayetaja inchi, na fundi hakosei.

Wajerumani wanaopima kwa mita huliita eneo hilo hilo Sechzehner, yaani la kumi na sita, na penalti kwao ni Elfmeter, mita kumi na moja. Uwanja ni ule ule, namba ndiyo tofauti.

Kuna kosa jingine, na hili limeenea zaidi: kudhani kwamba boksi zima lina upana wa 18. Hiyo 18 haipimwi kutoka katikati ya goli. Unasimama kwenye mwamba wa pembeni, upande wake wa ndani, unahesabu 18 kwenda kushoto. Unahamia mwamba wa pili, unahesabu 18 kwenda kulia. Katikati limebaki goli lenyewe, yadi 8. Jumla ni yadi 44, zaidi ya mita 40. Kwenye viwanja vya ndondo utamwona mtu wa chokaa akifanya hivyo hivyo kwa miguu, kopo mkononi, akihesabu kwa sauti. Hatua ndefu ya mtu mzima inakaribia sana yadi moja, kwa hiyo hatua zake kumi na nane hazimwangushi.

Lakini kwa nini 18, isiwe 20? Jibu liko kwenye penalti yenyewe. Ilipoingizwa kwenye sheria mwaka 1891, hakukuwa na boksi wala nukta. Mpigaji aliuweka mpira popote umbali wa yadi 12 kutoka mstari wa goli, na wachezaji wengine, ukiacha kipa, walitakiwa wakae angalau yadi 6 nyuma ya mpira. Kumi na mbili jumlisha sita: hapo ndipo 18 inapotokea. Mwaka 1902 ikaja nukta ya penalti, likaja na boksi la mstatili tunalolijua leo. Napenda sana hesabu hii, kwa sababu inaonyesha kwamba mstari ule ulianza kama mahali pa wengine kusubiri mtu mmoja apige tuta.

Baadaye umbali wa kusubiri ukawa yadi 10, yaani mita 9.15, na mstari wa 18 ukawa karibu mno na mpira. Ndiyo maana mwaka 1937 kilichorwa kile kipande cha duara kilichotokeza mbele ya boksi. Kazi yake ni hiyo moja tu, kuwaweka watu mbali wakati wa penalti. Si sehemu ya eneo la penalti. Beki akimwangusha mtu ndani ya nusu duara hiyo, ni faulo ya kawaida hata mashabiki wapige kelele namna gani, na kipa akiudaka mpira pale amenawa kama mchezaji mwingine yeyote. Mstari wenyewe wa boksi, kwa upande mwingine, ni sehemu ya boksi: mtu akichezewa rafu juu ya chaki, ni penalti.